Michungwa Uliyoinywesha, Kaka

Kaka Bakari,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikainua kalamu, kama mtu anayengoja kuitikiwa.

Wifi Mwanasiti amelala ndani na mtoto. Ndiyo, Kaka, mkeo amejifungua salama, binti, na paji la uso ni lako bila ubishi. Mvua imenyesha. Kijiji chetu chote cha Munje kimerudi kuwa kijani, na michungwa yako imechanua hata harufu ya maua inatuingia chumbani. Imechanua yote isipokuwa ile ya karibu na nyumba. Hiyo bado ina matawi makavu, inachipua kwa taabu. Ni ile uliyoinywesha wewe.

Kila nipitapo hapo nainamisha uso.

Baba alipofariki, wajomba walitaka niozwe. Wewe ndiwe uliyekataa. Uliniambia, "Soma, Mwanamisi. Mimi nitalima." Nikaenda chuo cha kilimo huko bara, nawe ukabaki na jembe. Kwa hiyo nilipokuja likizo katika kiangazi kile, ukanishika mkono kabla sijatua mzigo, ukanipeleka shambani. Majani yalikuwa yamejikunja kama tambuu, mengine yamedondoka. Ukaniuliza, "Wewe ndiwe uliyesoma. Imekufa?"

Nikayashika majani, nikayageuza, nikaanza kusema. Nilikuambia kwamba mti ukikosa maji hutengeneza homoni, dawa yake wenyewe, na dawa hiyo huyaamuru majani yafunge vile vitundu vidogo yanavyopumulia, ili maji yaliyobaki yasipotee. Mti uliojifunga hivyo haukui wala hauzai, unajihami tu. Mvua ikirudi, mti wenyewe huivunjavunja ile homoni mpaka nguvu yake inakwisha, na majani yanafunguka tena. "Haijafa, Kaka. Imejifunga." Mwalimu wetu alisema hata wataalamu wameyajua mambo haya juzi tu, nami nilikuwa na kiburi cha kuwa wa kwanza kuyaleta kijijini.

Ukafikiri kidogo, ukauliza, "Na ikijifunga hivyo, inaumia?"

Nikacheka. Majirani waliokuja kunisalimia nao wakacheka, kwa kuwa mimi nimecheka. Wewe hukucheka. Ukauliza tena, kwa sauti ya chini, "Nikiipa maji kidogo je?"

Nikasema, "Usijisumbue."

Basi. Sababu nilikuwa naijua, Kaka. Maji kidogo huudanganya mti. Huona mvua imekuja, ukaivunja ile kinga yake, majani yakafunguka, kumbe ardhi chini bado ni kavu. Baada ya siku chache unalazimika kujifunga upya, nguvu zimeshapungua, na hapo ndipo unapopukutisha majani mengi zaidi. Hayo yote yalihitaji maneno machache tu. Lakini wenzangu niliosoma nao walikuwa wakiningoja Diani, nami nilikuwa nimechoka kueleza.

Na jambo jingine. Siku ile ulikuwa umejifunika shuka juani. Niliona. Nilidhani ni uvivu wa mchana, nikakutania. Nililigeuza kila jani nikalitazama juu na chini, wewe sikukugusa hata kipaji cha uso. Ningekugusa ningejua kwamba unaungua kwa homa.

Nikarudi chuoni. Mjomba ndiye aliyetuma habari, na nilipofika mlikuwa mmeshamaliza mazishi. Tazama, nasema "mlikuwa", kana kwamba nawe ulisimama pale ukishika jembe.

Mwanasiti alinisimulia baadaye. Homa haikukuacha. Alikusihi muende hospitali Msambweni, ukasema kesho, ukatwaa mzegazega wako, ule mti wa begani, na madebe yake mawili, ukaenda kisimani. Ukaenda tena, na tena, jua likiwa utosini. Watu waliotoka kuswali adhuhuri walikukuta umeanguka njiani, madebe yamemwagika, nawe huongei. Hukuiona jioni.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba ulikwenda kwa sababu nilikucheka, kwamba ulitaka kunionyesha. Nilimwambia hivyo wifi, nikilia. Akaniacha nilie, kisha akasema, "Hakukukasirikia. Alikuamini. Aliniambia, 'Najua haijafa. Lakini inanitazama.'"

Kaka, maneno hayo hayakunipunguzia kitu. Yalinizidishia. Ungekuwa umekataa elimu yangu ningepata pa kujificha. Kumbe uliipokea yote niliyokupa, na niliyokupa yalikuwa nusu.

Watu hapa ni wema. Wanasema siku yako ilikuwa imefika, na mimi ni Muislamu, nakubali. Lakini kukubali hakunizuii kuamka na kitu kizito kifuani. Hakuna aliyenilaumu, hata mjomba. Nafikiri ningelala vizuri zaidi kama angenilaumu.

Nimemaliza chuo. Walitaka kunipeleka kwenye kituo cha utafiti bara, kufanya kazi chumbani na majani ndani ya chupa. Nimeomba kuwashauri wakulima hapa Kwale, wamekubali. Juma lililopita nilikuwa kwa mama mmoja mfugaji upande wa juu, kule kukavu. Mikorosho yake imedondosha majani. Kabla sijaitazama nilimuuliza, "Mama, umeshindaje? Umekula?" Akanishangaa sana. Akanijibu kwamba hajala tangu jana. Tukala kwanza muhogo niliokuwa nao, ndipo tukaenda shambani, na kila alichouliza nikamjibu mpaka mwisho. Aliuliza kama mti unaumia. Nikamwambia sijui, lakini swali hilo aliwahi kuniuliza mtu mwenye moyo mkubwa.

Nakuahidi, Kaka, kwamba nitawajibu wote hivyo, wakiuliza mara moja au mara kumi. Ile michungwa ya karibu na nyumba hatutaikata. Mwaka huu ipumzike. Na mtoto wako akikua akauliza babake alikufaje, sitamwambia kwamba alikufa kwa kutojua. Nitamwambia hakuweza kukaa kivulini huku kitu kikiteseka mbele yake. Kisha nitamfundisha kukaa kivulini akiwa na homa.

Mola akupe kaburi pana na lenye baridi. Mtoto ameamka, analia. Naenda kumchukua.

Mdogo wako,
Mwanamisi