Shosho Amelala

Doha, Ijumaa, 10 Mei 2024

Kaka Mutethia,

Natumai nyote hamjambo huko Nkubu. Mimi ni mzima, ila joto limeanza na vyumba vya kusafisha hotelini vimeongezeka. Mguu wa Mama unaendeleaje? Nikipiga simu, mwanangu Daisy hunijibu, "Shosho amelala." Tangu lini Mama akalala kabla ya kuku wake?

Msomee hii polepole kama kawaida. Mwambie msimamizi wetu, yule mwenye maringo, aliteleza akaingia mzimamzima kwenye beseni la kuogea la mgeni. Mwambie pia mkataba wangu unaisha Septemba, na ile sufuria kubwa aliyoitaka nishainunua.

Dada yako,
Kendi

Nkubu, Jumapili, 19 Mei 2024

Dada mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, wasiwasi ni kwako tu kwenye hilo joto. Daisy anasoma vizuri. Barua niliisoma kwa sauti baada ya chakula, na hapo kwenye beseni kicheko kilijaa nyumba nzima. Mama anakusalimia sana. Mguu haumsumbui tena.

Kaka yako,
Mutethia

Doha, Ijumaa, 14 Juni 2024

Mutethia,

Sikusalimii.

Leo kanisani Mesaimeer nimekutana na Milcah, yule tuliyesoma naye. Ametoka likizo huko nyumbani. Alinikumbatia, akasema, "Pole sana kwa Mama. Tulimsindikiza vizuri." Nikamwambia amechanganya watu. Akanionyesha picha kwenye simu yake. Wewe umeshika koleo. Daisy wangu ameshika shada la maua, amevaa sweta niliyomtumia Krismasi.

Mama alizikwa mwezi wa nne, na mwezi wa tano ukaniandikia kwamba ananisalimia. Milcah amekula kwenye matanga ya mama yangu. Mimi nilikuwa natandika vitanda vya watu na kuzunguka madukani nikitafuta sufuria.

Na Daisy, mtoto wa miaka tisa. Nani alimfundisha kusema Shosho amelala? Nijibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Kendi

Nkubu, Jumapili, 23 Juni 2024

Dada,

Ni mimi niliyemfundisha.

Ugonjwa wa moyo ndio uliomchukua. Hospitalini Mama alinishika mkono, akasema, "Kendi asiambiwe mpaka amalize mkataba. Akijua ataacha kazi, na huyu mtoto ataanza kuteseka." Nikamwapia. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Barua yako niliisoma kwa sauti kweli. Aliyecheka ni Daisy. Alicheka vilevile kama Mama, na mimi nikashindwa kukuandikia kitu kingine.

Nakutumia wasifu uliosomwa siku ya mazishi, uone tulimpa heshima yake. Agosti tunaweka jiwe kaburini. Niambie maneno unayoyataka.

Kaka yako,
Mutethia

Doha, Ijumaa, 28 Juni 2024

Mutethia,

Nimesoma wasifu wenu. "Mama mpole, mnyamavu, aliyevumilia yote." Huyo mliyemzika ni nani?

Dalali wa ndizi alipochezea mizani, Mama aliipanda mizani hiyo mbele ya soko zima. Ikasoma kilo arobaini. Akamuuliza, "Mimi na huu mwili ni kilo arobaini?" Ulikuwepo. Nilipofukuzwa shule kwa sababu ya mimba, alinirudisha akiwa amenishika mkono, akaketi ofisini mwa mwalimu mkuu mpaka nikapewa dawati. Kisha nilipojifungua, kila mapumziko alikuja getini na Daisy mgongoni ili nimnyonyeshe, na waliocheka aliwatazama mpaka wakaondoka. Huo ndio upole?

Unaniuliza ningefanya nini. Ningemkatalia. Nimemkasirikia yeye pia, tena sana, na hayupo nimwambie. Lakini Mama hakumtii mtu aliyekosea hata mara moja maishani mwake, na wewe alikulea yeye.

Jiwe lisiandikwe hata herufi mpaka nifike. Mkataba nitaumaliza kwa sababu ya Daisy, si kwa kiapo chako. Namwacha kwako kwa kuwa sina pengine pa kumwacha. Ukiniandikia tena, usinipe salamu za kupamba. Niambie mwanangu yukoje. Ukinidanganya hata juu ya mafua, nitapanda ndege siku hiyohiyo nije nimchukue.

Kendi

Nkubu, Jumapili, 7 Julai 2024

Kendi,

Sisi si wazima hapa.

Daisy hali chakula vizuri. Analala kwenye kitanda cha Mama na hataki shuka zifuliwe. Nilipika githeri, akaonja, akarudisha sahani. Kuku watatu wamekufa, sijui Mama alikuwa akiwapa nini.

Jana ulipopiga simu Daisy hakuwa ameenda dukani, kama alivyokuambia mke wangu. Alikuwa hapa, alikataa kuja. Nilimwambia ukweli wote umejulikana, sasa anaweza kuongea nawe. Akasimama katikati ya nyumba, mikono kiunoni, akasema, "Mlinifanya mwongo kwa mama yangu. Sisemi uongo tena, hata Shosho mwenyewe aniombe."

Nikamwambia anyamaze. Akaniuliza kwa nini. Hakushusha macho, Kendi, mpaka nikatoka nje.

Piga Jumatano jioni. Amesema ataongea, lakini ana maneno yake. Nimewaambia wachonga jiwe wangoje.

Kaka yako, ukikubali,
Mutethia