Tai ya Mashine

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi upande wa kivuli na redio yako, na kwamba kile kikohozi kimekuacha. Magoti ya Mama yanasemaje? Mwambie ile dawa ya kuchua ni ya kupaka, si ya kuwagawia majirani. Mimi ni mzima. Vidole kumi vyote vipo, nimevihesabu kabla ya kushika kalamu, na katika kazi yetu hiyo ni salamu kamili.

Kaka alinipigia simu juzi. Alisema umeagiza niende kwa Nyapara nimwombe radhi na nifute maneno yangu, kwa kuwa nimekuvua nguo mbele ya watu. Nilimsikiliza mpaka mwisho kama mdogo mwenye adabu, kisha nikamwambia radhi siombi. Akakata simu. Basi nakuandikia mwenyewe, maana ujumbe akiubeba Kaka hufika umeota mapembe.

Najua Nyapara ameshakusimulia. Tangu alipokuwa mwanafunzi wako, Nyapara husimulia kuanzia katikati. Mimi naanzia mwanzo.

Tulikuwa tunaondoa miti iliyoangushwa na upepo nyuma ya hospitali. Mimi nilivaa kama kawaida yangu: suruali nene ya kinga, kofia ngumu yenye wavu usoni, viziba masikio. Wenzangu huniita Bi Harusi, eti kwa muda ninaotumia kuvaa. Mrefu, yule mwenzetu ambaye suruali zote humwishia kwenye ugoko, kila asubuhi huniuliza bwana harusi yuko wapi. Humjibu kwamba bado anatafutwa, ila sharti aje na miguu miwili. Wananicheka pia kwa sababu msumeno wangu wa mashine nauwasha ukiwa chini, nimekanyaga mshikio wa nyuma kwa mguu, wakati wao huuwasha ukining'inia mkononi kama mtu anayenyonga kuku. Nikitoka mti huu kwenda ule, nazima. Nyapara husema nikifika mbinguni nitazima kwanza mlangoni. Namwambia angalau nitaingia nikiwa mzima.

Na mashine yangu haivai tai.

Tai unaijua kuliko yeyote, lakini nitaieleza, ili hata Mama akisomewa aelewe. Mbele ya mshikio wa mbele kuna kinga. Ncha ya msumeno ikigusa kitu usichokiona, mashine hurusha teke, inamrukia mshikaji usoni kabla hajapepesa macho. Hapo mkono huisukuma ile kinga, breki inashika, mnyororo unasimama. Shida ni kwamba kinga hiyo husukumwa pia na vijitawi, kazi ikawa ya kusimama na kuanza, na mafundi hawapendi kusimamishwa. Miaka ile ulikata kipande cha mpira wa tyubu, ukaifunga kinga isisogee, ukasema mashine nayo ikienda kazini ivae tai. Watu walicheka, kisha wakaiga. Leo fundi mwenye mashine isiyo na tai huulizwa alifundishwa na nani. Mimi huwajibu kwamba nilifundishwa kwa kutazama, na nilitazama sana.

Siku hiyo Mrefu alikuwa anakata tawi juu ya lundo. Mnyororo wake ulikuwa butu. Nilijua kwa sababu ulikuwa unatema unga badala ya vipande. Alikuwa anausukumiza kwa nguvu, na nyuma ya tawi kulikuwa na gogo asiloliona. Ncha ikaligusa. Mashine ikamrukia begani ikiwa imevaa tai yake.

Yuko hai. Nyuzi kumi na tisa. Nilimkandamiza kidonda kwa shati langu huku nikimtukana asilale. Nilipoinua kichwa nilimwona Nyapara amechuchumaa kwenye mashine ya Mrefu, ametugeuzia mgongo. Alipoinuka, kinga ilikuwa huru. Kitendo hicho nilikitambua mara moja, na nitakwambia kwa nini.

Siku ya tatu alituita stoo, tukasimama katikati ya madumu ya mafuta na minyororo iliyotundikwa misumarini. Alitusomea karatasi: Mrefu alizembea, mashine ilikuwa na kinga kamili. Tutie sahihi sote. Na fundi aliyezembea, kampuni haimtibu wala haimrudishi kazini. Wenzangu wawili walitia sahihi wakiwa wanatazama viatu vyao. Mimi niliuliza tai imekwenda wapi. Nyapara akauliza tai gani. Kisha akasema, kwa sauti ile ya mtu anayefunga mjadala, kwamba Bingwa mwenyewe, yaani wewe, alifanya kazi na tai miaka thelathini, na kilichomlemaza mkono ni gogo lililoviringika likampiga kumbo akaangukia mashine, jambo linalojulikana na kila anayeshika msumeno. Akauliza kama siku hizi binti anamzidi baba.

Hapo ndipo nilipokuvua nguo, Baba. Niliwaambia hapakuwa na gogo.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, napanga matawi hatua ishirini nyuma yako. Niliiona mashine ikirusha teke na kinga ikiwa imefungwa pale pale ulipoifunga asubuhi. Wewe ulizirai. Nilikukimbilia, nikachomoa kisu, nikaikata tai nikaitia mfukoni, ndipo nikapiga kelele watu waje. Ndipo, Baba. Damu yako ilikuwa inatoka na mimi nilianza na mpira.

Ulipozinduka ukawaambia gogo. Watu wakatazama mashine, wakaona kinga iko huru, wakaamini. Nadhani kwa miaka tisa umejiuliza nani aliyeifungua, na hukuuliza, kwa sababu kuuliza kungekuwa kukiri. Ni mimi. Sikutumwa na Mama wala na mtu. Nilitaka ubaki Bingwa, na ulibaki. Ila tai nayo ilibaki, safi, haina kosa, ikavalishwa mashine moja baada ya nyingine hadi ikafika kwa Mrefu.

Kwa hiyo kuomba radhi nimeomba, lakini si kwa Nyapara. Nilikwenda wodini nikamweleza Mrefu yote haya. Nilidhani atanifukuza. Badala yake akaniuliza ile suruali ya kinga inauzwa wapi, na kama ipo ya mtu mwenye miguu mirefu.

Mkaguzi wa kazi anakuja Jumatatu, saa tatu asubuhi, hapo hapo stoo. Nitasema tena, alichofanya Nyapara na nilichofanya mimi, kwa mpangilio huo huo. Nyapara amenionya kwamba siku hiyo ndiyo mwisho wangu kushika mashine yake. Achukue. Mikono nitaondoka nayo.

Wewe nakuheshimu, na hilo usilitilie shaka. Lakini heshima ya kukulindia gogo imenishinda. Ukitaka kunikana, njoo Jumatatu unikane mbele ya mkaguzi, sitakukatiza wala sitainua sauti. Na ukija kwa neno jingine, pale stoo kuna benchi. Nitakuwekea nafasi ya mwisho kushoto, ili mkono wako usibanwe na mtu.

Mpe Mama salamu zangu za upendo, umwambie shati lile alilonishonea limeharibika kwa sababu nzuri. Kaka msalimie pia, akiwa amepoa.

Ni mimi binti yako,
fundi wa msumeno