Mtu Aliyepiga Miayo Uwanjani

Verna, shoga yangu, upo? Nimetahayari! Nimetahayari mpaka masikio yanawaka.

Leo nilikwenda kumtazama mjukuu wangu Orrin akicheza besiboli. Tuliambiwa msaka vipaji wa timu kubwa angekuja, na mtoto ameingoja siku hii tangu aanze kushika gongo.

Basi Orrin akaupiga mpira, ukavuka uzio ukaangukia kwenye mahindi ya jirani! Uwanja mzima tukasimama. Mbele yangu jamaa mmoja mwenye kofia ya majani kakaa tu, anatafuna mbegu za alizeti. Akapiga miayo. Miayo, Verna!

Nikamgonga begani kwa mwavuli. "We baba, umekufa? Hata kofi moja kwa mtoto wa watu?"

Akageuka taratibu, akaninong'oneza: "Bibi, tafadhali. Msaka vipaji ndiye mimi. Wale watatu kule nyuma ni wa timu nyingine, na wananichungulia mimi. Nikipiga makofi tu, watajua ninayemtaka."

Verna! Nimempiga mwavuli! Huyo huyo!

Nikanywea. Halafu nikamuuliza polepole, "Na ile miayo, mwanangu?"

Akacheka chini ya kofia. "Hiyo huwa ya wale ninaowataka sana."

Haya, kitendawili! Umesema tega? Orrin alipoupiga wa pili nao ukavuka uzio, bibi yake alifanya nini?

Nilipiga miayo, shoga, mpaka taya zikauma.