Gogo la Baba Limekazwa Kati ya Vioo

Shikamoo mshauri, nisaidie maana yamenifika hapa kooni. Baba yangu mzazi alihamia kwetu mwaka jana baada ya mama kufariki, na zaidi ya begi la nguo alikuja na tangi lake la samaki, la kioo, refu kama meza ya kulia, na kila asubuhi anavuta kiti mpaka goti linagusa kioo, anawasalimia samaki mmoja mmoja, na mshauri, anaongea nao kuliko anavyoongea na sisi. Basi akaokota gogo zuri mtoni ili samaki wapate pa kujificha, akaliweka, likaelea. Mume wangu ni seremala, akacheka, akasema, "Baba, hiyo niachie mimi," akalikata ncha zote mbili, akalibana likiwa kavu kati ya kioo cha mbele na cha nyuma, akajisifu kwamba halitatikisika milele. Wiki mbili hazijaisha kioo cha mbele kikatoa ufa wa urefu wa kidole, na sasa umefika shubiri! Nikimwambia gogo limevimba ananijia juu, "Miaka ishirini nashika randa, leo wewe ndio unifundishe mbao?" na amepiga marufuku mtu yeyote kuligusa. Nikamwendea baba, naye akanijibu kwa sauti ya chini, "Mwache mumeo, mwanangu. Hapa mimi ni mgeni." Nililia jikoni. Nikilitoa nitamvunjia mume wangu heshima, nikinyamaza tangi litapasukia miguuni mwa baba. Nifanyeje?

Binti wa Mwenye Samaki

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, binti. Ufa umefika shubiri, goti la mzee liko hapo hapo, na wewe umekaa chini unaandika barua? Methali ya ufa unaijua, sikuchoshi nayo, ila ule ni ufa wa ukuta. Wa kioo hauzibwi, unakimbiwa.

Sasa hivi msogeze baba na kiti chake. Chomoa nyaya za umeme. Jaza ndoo safi kwa maji ya tangi lenyewe, hamishia samaki humo, kisha chota maji mengine yote. Gogo usiliguse mpaka maji yaishe. Kioo kibadilishwe, na mtu asikudanganye na gundi. Heshima ya mume haijawahi kukaa kwenye gogo, kwa hiyo hapo huvunji kitu.

Gogo lenyewe lilowekeni kwenye pipa, mkilikandamiza kwa jiwe na kubadilisha maji kila baada ya siku chache, mpaka lizame lenyewe, hata ikichukua miezi. Mkishindwa kusubiri, lifungeni kwa chini kwenye jiwe bapa, kwa skrubu zisizoshika kutu, jiwe lifukiwe kwenye kokoto. Lishikwe na uzito, si na vioo, na kila upande lipate nafasi ya vidole viwili.

Na wewe fundi, najua gazeti hili utalikuta mezani. Mlango wa mteja huukazi kwenye fremu, kwa sababu unajua mvua zikinyesha mbao zitavimba. Ujuzi huo ulipoingia nyumbani kwako uliuacha wapi? Mzee aliyekupa binti yake anajiita mgeni chini ya paa lako, kwa sababu wewe hukosolewi. Kamwombe radhi leo, kabla hujashika bisibisi.