Macho ya Bikizee

Jumatatu, 4 Machi

Mwongozaji wa filamu kafukuzwa! Tumeambiwa asubuhi, tukabaki tumesimama karakana kama watu wa msibani. Mpya keshafika. Kijana, kanyoa upara, anaongea polepole mpaka unatamani kummalizia sentensi. Kapita kila idara. Alipofika kwetu akamzunguka Bikizee, kikaragosi chetu, akamgusa shavu, akasema huyu si angechorwa tu kwa kompyuta. Basi. Akaenda zake.

Bikizee wangu! Macho matatu, shingo ya mpira, kila unywele umepandikizwa kwa mkono. Yeye ndiye msoma nyota wa meli ya angani. Bila yeye filamu nzima ni rubani anaongea na ukuta.

Shida ni kwamba kampuni ina woga. Filamu zote za mfululizo huu zina mashujaa walewale, watu wanawajua hata kwa mwendo. Hii yetu inasimama peke yake. Hakuna shujaa hata mmoja wa zamani ndani yake. Meli kuukuu ya mizigo, rubani mmoja, na bikizee wa sayari nyingine. Mimi ndiyo maana naipenda. Wao ndiyo maana hawapati usingizi.

Fundi Mkuu kabembeleza mpaka tukapewa nafasi: Ijumaa ya wiki ijayo tunapiga picha za tukio la kuagana. Bikizee akimgusa mwongozaji moyo, anabaki. Asipomgusa, anaingia sandukuni, na karakana yetu inafungwa.

Jumatano, 6 Machi

Mkosi! Fundi wa kichwa kateleza ngazini, kateguka bega.

Bikizee anaendeshwa na watu watatu. Mmoja analala chini ya sakafu ya seti, mkono juu, ndani ya kichwa. Huyo ndiye shingo. Dada wa mdomo anachezesha midomo na kusema maneno yake. Mimi ni macho, nakaa pembeni na rimoti. Bila shingo sisi wawili ni bure.

Fundi Mkuu kasema kuna mtu mmoja tu anayeijua shingo ile, maana aliitengeneza yeye. Nikamwambia usinitajie. Akanitajia.

Kaka yangu.

Alhamisi, 7 Machi

Kaja. Kanenepa kidogo — vizuri, na avimbe.

Hatujaongea tangu filamu iliyopita. Tulikuwa tumetengeneza joka, mimi na yeye, uso wa joka peke yake ulikuwa kazi ya mwaka mzima. Kaka, bwana mkubwa, akahamia idara ya kompyuta bila kunipa hata fununu. Joka letu likafutwa, likachorwa jingine, na aliyechora ni yeye! Nikaliona kwenye skrini, nimekaa na watazamaji. Nikamwita msaliti mbele ya karakana nzima. Naye akaniambia nibaki na gundi yangu. Toka hapo, yeye kwake, mimi kwangu.

Leo kasalimia kila mtu. Alipofika kwangu akakohoa.

Jumamosi, 9 Machi

Aibu tupu.

Mtu akigeuza kichwa, macho hupepesa. Jaribu mwenyewe, huwezi kujizuia. Kwa hiyo shingo na macho lazima viwe kitu kimoja. Aliye chini hasemi mengi, anatamka tu kwenye kipaza sauti, “kushoto,” nami nasikia sikioni, napepesa. Kikaragosi kinakuwa na uhai.

Sasa kaka hataki kuongea nami, nami sitaki kumsikia. Basi anamwambia dada wa mdomo: mwambie huyo nageuka kushoto. Dada wa mdomo, aliyekaa pua na mdomo na mimi, ananiambia: anageuka kushoto. Mpaka nibonyeze, kichwa kilishafika! Bikizee anageuka kwanza, halafu ndipo anapepesa, kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake. Mwigizaji wa rubani alikuwa katikati ya maneno yake ya majonzi. Akaangua kicheko mpaka akakaa chini. Nilitamani sakafu inimeze, ila huko chini ndiko aliko kaka.

Dada wa mdomo kavua kisikilizio, kakibwaga mezani. Kasema yeye si posta. Kasema ana watoto wanaokula kwa kazi hii, na kama sisi tunataka kununiana tukanuniane nyumbani kwa mama yetu.



Jumapili, 10 Machi

Mama kapiga simu. Nani kamwambia? Kasema sisi wote wawili tumetoka tumbo moja, na wote wawili tunamchosha. Kisha akakata. Mama hajawahi kunikatia simu!

Jumanne, 12 Machi

Mwongozaji kaja mazoezini bila taarifa. Kavuta kiti, kakunja mikono. Dada wa mdomo kanitazama kwa jicho la nakuomba mwenzangu. Nikabonyeza kitufe cha kuongea.

“Sema mwenyewe,” nikasema.

Nikasikia anavyohema kule chini.

“Kushoto, Kisirani.”

Kisirani! Hilo jina alinipa yeye tukiwa wadogo na hakuna mwingine anayelijua. Sasa dada wa mdomo kalisikia, nimekwisha. Lakini nilipepesa, na nilipepesa sawasawa. Kulia, nikapepesa. Juu, taratibu, nikayafumbua macho yote matatu. Rubani alipoanza maneno yake hakucheka.

Mwongozaji kaondoka. Uso kama ukuta. Sijui.

Jumatano, 13 Machi

Kaka kaja mezani kwangu na chai, mbili. Kope la jicho la kati la Bikizee linanata, eti nilitazame. Nikamwambia nimeliona toka Jumatatu, sihitaji kufundishwa.

Hakuondoka. Akasema kule kompyuta alikwenda kwa sababu alisikia vikaragosi vinaelekea mwisho, akaona bora mmoja wetu awe na pa kushika. Nikamuuliza mbona hukuniambia? Akasema ningemrushia nyundo.

Ni kweli ningerusha. Lakini lilikuwa joka letu, nikamwambia, na ukalifuta wewe. Nikainamia kope. Akasema alilifuta analia. Sijui kama nimwamini. Chai nimekunywa.

Ijumaa, 15 Machi

Naandika kwa mkono mmoja. Wa pili uko kwenye rimoti. Mwandiko huu hata mimi sitausoma.

Tumepiga! Mara moja tu. Meli inaungua, chombo cha kuokolea watu kina nafasi ya mmoja, Bikizee anamfukuza rubani aende. Kaka alikuwa ananisemesha sikioni toka mwanzo, kushoto, polepole, sasa, na kufikia katikati akanyamaza. Nikawa najua tu. Anageuka, nami nimeshapepesa. Sijui nilijuaje. Rubani alilia kweli, makamasi na yote. Mtu wa taa naye kajifuta kwa glavu.

Mwongozaji hakusema “kata.” Kamera ziliendelea, ziliendelea, mpaka mpiga picha akazizima mwenyewe. Kisha watu watatu wa kampuni waliokuja kutazama wakasimama, wakatoka na mwongozaji, wakafunga mlango.

Wako huko mpaka sasa. Sauti zinapanda. Mmoja anasema watazamaji wanataka mashujaa wao, si ajuza wa mpira. Mwongozaji hasikiki, yule na upole wake!

Nimemwambia kaka atoke chini, mkono utakufa ganzi. Kasema umeshakufa. Kasema akiutoa Bikizee ataanguka kichwa, na hataki wakirudi wamkute ameanguka. Wamkute mzima.

“Mtazamishe mlangoni, Kisirani,” kasema.

Nimemtazamisha. Tumekaa hivyo. Dada wa mdomo hathubutu hata kukuna pua. Kila mara Bikizee anapepesa, anavuta pumzi kidogo — hiyo pumzi ni ya kaka, kifundo cha mkono kinatetemeka kwa uchovu. Nimemwambia shikilia, kaka yangu. Nimesema kaka yangu! Limetoka lenyewe.

Sauti zimekoma. Kitasa.

Ni mwongozaji, peke yake. Uso wake siuelewi. Hakumtazama Fundi Mkuu, hakunitazama mimi. Kavuka waya, kaenda moja kwa moja mbele ya Bikizee, kasimama kama mtu aliyeingia chumbani kwa mgonjwa. Nimemnong'oneza kaka, naye kamwinulia kichwa. Nimepepesa.

“Shikamoo, bibi,” kasema mwongozaji.

Hakuna anayecheka. Dada wa mdomo kanigeukia, macho yamemtoka. Kaka, kule chini hasikii vizuri, ananinong'oneza sikioni, kasema nini? Anataka nini?

Kamwamkia Bikizee, kama mtu hai, nimemwambia. Inama kidogo, taratibu — aitikie —