Uso Ulionyooshwa Kwenye A4

Jumatatu, 4 Machi

Imekuja! Barua pepe ya hospitali ya kule machimboni. Faili moja la PDF, ukurasa mmoja, picha moja – uso wa maiti ambaye hajapata wa kumchukua. Wametutumia familia zote ambazo watu wao hawajaonekana tangu machimbo yaporomoke. Sisi tunamtafuta mdogo wangu, Mrefu.

Nimeifungulia hapa dukani, Bosi kasimama nyuma yangu. Halafu – ebo! Hakuna uso. Kuna madoa tu. Kijivu, kahawia, kijivu.

Bosi akasema nikuze. Nikamjibu kwa ukali, nikuze nini? Kutwa nzima kazi yangu ni kuskani karatasi na kupunguza MB za watu, najua ninachokiona. Ukurasa ni A4 kamili, sawa, lakini picha iliyomo ndani ina pikseli, vile vigae vidogo vya rangi, mia na themanini tu kwa upana. Imenyooshwa mpaka ikajaza karatasi. Ukiikuza unapata vigae vikubwa zaidi, basi.

Nyumbani Mama hakunielewa. Nikamwambia ni kama mchuzi: ukiongeza maji sufuria inajaa, nyama ni ile ile. Akanitazama. "Sasa ndiye au siye?"

Jumanne, 5 Machi

Nimempigia karani wa hospitali. Kumbe picha ilikuwa nzuri tu, ya kamera! Ila mfumo wao unakataa faili linalozidi KB mia moja, kwa hiyo akaibana. Likakataliwa. Akaibana tena ile ile iliyokwisha kubanwa. Na tena! Nilitamani kumrushia simu.

Watu wanadhani kubana faili ni kama kukunja nguo, ukitaka unaikunjua. Wapi! Programu inatupa. Vipande vinavyokaribiana rangi inavifanya kimoja. Kovu, kidoti, unywele – vyote kigae kimoja cha kahawia, na kilichotupwa hakirudi. Nimemwomba anitumie picha ya kwanza kabisa. Anasema aliyeipiga yuko likizo, atajaribu.

Na muda hakuna. Wasipopata familia kabla ya Ijumaa wanamzika huko huko, kaburi lisilo na jina. Mama ameacha kula. Anakaa tu karibu na mlango, kila hatua ya mtu anainua kichwa.

Jumatano, 6 Machi

Nimeweza! Dukani tuna programu ya kutengeneza picha za zamani, zile za mababu zilizoliwa na mende. Unaipa picha mbovu, unaipa na picha nyingine ya mtu huyo huyo kama mfano, yenyewe inajaza yaliyopotea. Nimeipa picha ya Mrefu ya kitambulisho.

Kope zikatoka. Kisha midomo. Kisha kovu lile juu ya jicho la kushoto, la siku aliyoanguka na baiskeli yangu. Macho yamefumba. Ni yeye. Mdogo wangu, jamani. Nimelia mpaka Bosi akafunga duka.

Mama ameishika karatasi kwa mikono miwili, wala hakupiga kelele. Kasema tu, "Amechoka." Halafu akala. Akalala mchana, usingizi wa kweli, anakoroma kabisa!

Baba mdogo ametia saini fomu ya kumtambua na ameshaondoka na gari kumfuata. Yeye hamjui Mrefu kwa sura, alimwacha ananyonya, na hospitali inatoa jeneza limeshafungwa.

Alhamisi, 7 Machi

Fundi cherehani wa mtaa wa nyuma amekuja dukani. Mumewe naye alikuwa machimboni. Ana PDF ile ile kwenye simu. Amesikia kwamba mimi najua kusafisha.

Nilitaka kumwambia pole dada, huyo ni wetu. Akatoa picha ya mumewe, nikaiweka kama mfano – ili aone kwa macho yake kwamba siye. Mpumbavu mimi!

Mumewe akatoka. Mashavu mapana, masharubu, macho yamefumba. Kutoka kwenye madoa yale yale! Fundi akakaa sakafuni. Akanishukuru. Akaondoka na karatasi kaikumbatia, na mimi nikamfungulia mlango.

Nikajifungia chumba cha skana. Nikajipiga picha kwa simu, nikaiweka kama mfano. Sijui kwa nini. Heri nisingethubutu.

Nimejiona nimekufa. Si kwamba nimelala – nimekufa. Taya limelegea, ngozi kijivu, kipini changu puani. Na kinachonitisha hasa ni hiki: kati yetu sote watatu, mimi ndiye niliyekaa vizuri zaidi. Kila doa lilipata mahali pake. Nimeifuta. Nimeifuta na kwenye pipa la taka la kompyuta. Bado nikipita kwenye kioo cha dirisha nageuza uso.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeweka picha ya kitambulisho pembeni ya ile niliyosafisha. Kovu ni lile lile, mpaka kivuli cha taa ya studio kipo! Maiti gani anakuwa na kivuli cha taa ya studio? Programu haikuona chochote kwenye yale madoa. Imeninakilia nilichoipa.

Nimempigia Baba mdogo. Ameshakabidhiwa, yuko njiani. Nikamwomba afungue jeneza atazame kama kuna kovu. Akaniuliza kama akili zangu zimeruka, akakata simu. Karani naye simu yake inaita tu.

Mama ameniagiza nimchapie sura ile kwenye karatasi kubwa, A2. Nikamwambia ukubwa wa karatasi hautaongeza kitu ndani yake. Akasema yeye hatafuti kitu. Sasa iko ukutani sebuleni. Wanaokuja kutoa pole wanasema loh, huyu huyu, kama anataka kusema. Mama anaisalimia akipita. Mimi napitia mlango wa jikoni.

Nilikusudia kumwambia leo. Nikamkuta anacheka na mama mkubwa, wanakumbuka vituko vya Mrefu. Nikaogopa.

Jumamosi, 9 Machi

Karani ametuma. MB kumi na nne! Picha ya kwanza, haijabanwa hata mara moja. Nimeishusha kwenye kompyuta ya mkononi ya Bosi, hapa chumbani kwetu. Sijaifungua.

Nimemwita Mama, nikafunga mlango, nikamwambia yote. Mfano. Kivuli cha taa. Mume wa fundi. Hata uso wangu mwenyewe. Nilidhani atanizaba kofi. Alisikiliza, akatazama lile jina la faili kwenye skrini, kisha akashusha kifuniko taratibu, vidole vyangu vikiwa bado juu ya vitufe.

"Nimeshamlilia mwanangu," amesema. "Usinirudishe mlangoni kumsubiri."

Nikamuuliza, Mama, na kama yuko hai? Nani atamtafuta?

Amekaa kitandani, kompyuta ameipakata, na mimi naandika kwa sababu sijui mikono niifanyie nini.

Honi nje. Gari la Baba mdogo. Wanawake wameanza kulia. Lakini kuna sauti nyingine getini, ya juu kabisa – fundi cherehani na ndugu zake. Wana karatasi yangu. Wanasema mtu wao ndiye aliye ndani ya gari hilo, na lisishushwe jeneza mpaka waonyeshwe aliyemo.

Baba mdogo anagonga mlango wa chumba. Anauliza nani amewapa watu hawa picha.

Mama amesimama. Kompyuta hajaiachia. Ananiambia nifute machozi, niache kuandika, nitoke nikampokee mdogo wangu.