Mawe ya Papa Tuatai

Tepaeru, usimsikilize Mama Ngapoko. Anatangazia kijiji kizima kwamba nimetupa baharini mawe ya Papa Tuatai, na kazi ya usafi pale shuleni nimefukuzwa.

Sikuyatupa. Nilikuwa nafyeka nyasi, nikayarundika nyuma ya jiko, nikasahau kabisa kuwa ndilo duara lake la kufundishia njia za nyota.

Mawe thelathini na mawili. Na wanafunzi wanaingia saa mbili.

Nikaanza kuyarudisha moja moja. Si unajua mwaka mzima nafagia huku namsikiliza? Hapa linachomoza jua, hapa mawimbi ya kusini yanapiga ubavu wa mtumbwi.

Papa akaja na wanafunzi wake, akalizunguka duara. Akainua jiwe la kundi la nyota la Kilimia, akalihamisha.

Neno likaniponyoka: "Hapana Papa, Kilimia hakichomozi hapo."

Mbele ya wanafunzi wote. Nimemwambia hapana mtu aliyefika Tahiti kwa nyota tupu.

"Nani kakwambia?"

"Wewe, Papa. Jumanne. Nilikuwa dirishani na ufagio."

Akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe alilihamisha makusudi. Akawaambia wanafunzi, "Nyie mna madaftari, mwenzenu ana masikio."

Halafu akanigeukia: "Jumatatu tunavuka kwa mtumbwi kwenda kisiwa cha Manuae, siku mbili. Nafasi moja ipo, binti. Shule tu ipate wa kufagia."

Mimi niliyeishia la saba, Tepaeru. Ananipa nafasi mimi.

Utanishikia ufagio Jumatatu na Jumanne?

Naona tiki zimeshakuwa za buluu.

Tepaeru?